Kutoka RN hadi MSN au DNP kwa njia ya mkato: mwongozo kwa wauguzi walioko Marekani

Maswali ni yale yale. Mtu amepata leseni ya RN, yaani ya muuguzi aliyesajiliwa, amefanya kazi wodini mwaka mmoja au miwili, mgongo umeanza kulalamika, kisha anauliza: "Mimi nina ADN tu, ni lazima nitafute BSN kwanza ndipo niende uzamili?" (ADN ni digrii fupi ya uuguzi, BSN ni digrii ya kwanza kamili.) Mwingine ana BSN na anataka kuiruka MSN, yaani uzamili wa uuguzi, aende moja kwa moja DNP, udaktari wa vitendo wa uuguzi. Wa tatu ameona tangazo la uzamili wa miezi 12 na tayari ameshatoa kadi ya benki. Mwongozo huu ni wa hao watatu. Unahusu Marekani tu, kwa sababu njia hizi zimejengwa juu ya mfumo wa leseni na ithibati wa huko.

Jambo moja likae kichwani tangu mwanzo: mkato uko darasani, hauko kliniki. Chuo kinaweza kukusamehe kozi ulizokwisha kusoma, kikahesabu kozi moja mara mbili, kikabana muhula wa wiki 15 ukawa wa wiki 8. Saa za kukaa na mgonjwa chini ya usimamizi hakuna anayekusamehe. Ukilielewa hilo utajua kusoma matangazo.

Kabla hujaanza, weka mezani vitu hivi

- Leseni ya RN iliyo hai na isiyo na kesi. Kama ni ya makubaliano ya majimbo mengi, yaani ya NLC, thibitisha kwamba jimbo lako la makazi bado ni lile lililoandikwa.
- Transkripti rasmi, yaani hati ya kozi na alama zako, kutoka kila chuo ulichopitia, hata kile ulichosoma muhula mmoja ukaacha. Kuficha chuo kimoja kunaweza kukufutia udahili.
- Kama ulisoma nje ya Marekani, tathmini ya masomo yako ya kozi kwa kozi. Vyuo vingi hukubali ya WES au ya CGFNS, ambayo siku hizi inaitwa TruMerit, lakini uliza kwanza chuo chako kinataka ya nani. Hapa ndipo miezi hupotea, kwa sababu chuo chako cha zamani na baraza la wauguzi la huko ndio wanaotakiwa kutuma karatasi wenyewe, na unajua mwendo wao.
- Wastani wa alama, ile GPA. Vyuo vingi huanzia 3.0 kwa 4.0.
- Kozi ya takwimu. Watu wengi husahau hii. Programu nyingi za uzamili zinaidai, na baadhi hazikubali iliyosomwa zamani sana.
- Wasifu wa kazi na wadhamini wawili au watatu, angalau mmoja aliyekusimamia kazini na mmoja aliyekufundisha.
- Sera ya mwajiri wako kuhusu kulipia masomo, iliyoandikwa. Maneno ya meneja koridoni hayahesabiki.
- Jibu la wazi kuhusu hali yako ya uhamiaji: raia, green card, au viza ya kazi au ya masomo. Litaamua unaweza kukopa wapi.
- Mazungumzo na watu wa nyumbani. Nani atachukua watoto siku una kliniki? Hili si la moyo tu, ni la ratiba.

Hatua ya 1: Anza na kazi, digrii ifuate

Usiulize "MSN au DNP?" Uliza utakuwa unafanya nini Jumatatu asubuhi ukishamaliza. Majibu yanagawanyika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kazi za kutibu wagonjwa kwa ngazi ya juu, zinazoitwa APRN. Ziko nne: muuguzi anayechunguza, kutibu na kuandikia dawa (NP), mkunga wa ngazi ya uzamili (CNM), muuguzi wa usingizi (CRNA), na mtaalamu wa kliniki (CNS). Zote zinataka mtihani wa kitaifa na leseni ya pili ya jimbo juu ya ile ya RN.

Fungu la pili halihitaji leseni ya pili: ualimu wa uuguzi, uongozi, mifumo ya taarifa za afya, ubora na usalama wa mgonjwa. Hapa ndipo mkato ni mfupi kweli, kwa sababu saa za vitendo ni chache na nyingi unaweza kuzifanya hapo hapo unapofanya kazi.

Swali linalorudi kila wakati: je, MSN inatosha kuwa NP? Inatosha. Yamekuwepo maazimio ya kitaaluma ya kutaka NP wote waingie na DNP, la kwanza la mwaka 2004, lakini mitihani ya kitaifa bado inampokea mwenye MSN. Anayebanwa ni CRNA: tangu tarehe 1 Januari 2022, kila anayeanza programu ya usingizi anaanza ya ngazi ya udaktari. Inachukua angalau miezi 36, inataka angalau mwaka mmoja wa kazi kwenye wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) kabla ya kuingia, na wengi hawawezi kufanya kazi wakiwa humo. Kama ndoto yako ni hiyo, mkato wako ni kuhamia ICU mapema. Mengine subiri.

Hatua ya 2: Tambua mlango wako

*Una ADN au diploma ya uuguzi, huna digrii ya kwanza.* Mlango wako ni RN hadi MSN, ambao wengi huuita "bridge". Unasoma kozi chache za ngazi ya BSN, kisha unaingia za uzamili bila kuomba upya. Kwa kawaida miaka miwili hadi minne kutegemea unasoma muda wote au nusu.

*Una ADN pamoja na digrii ya kwanza ya fani nyingine.* Wewe una bahati kuliko unavyodhani. Baadhi ya vyuo vinakupitisha kwa kozi chache za kuziba pengo, mara nyingi afya ya jamii, utafiti na uongozi, halafu uzamili. Usirudie BSN nzima kabla ya kuuliza hili.

*Uko katikati ya RN hadi BSN sasa hivi.* Uliza leo, si muhula ujao, kama chuo chako kinaruhusu kusoma kozi za uzamili badala ya za digrii ya kwanza. Vingi huruhusu krediti 9 hadi 12 zihesabiwe kwa digrii zote mbili. Ukisubiri umalize, nafasi hiyo imekwenda.

*Una BSN.* Una njia mbili: MSN ya kawaida, au BSN hadi DNP, ambayo huchukua miaka mitatu hadi minne kwa anayesoma muda wote. Hii ya pili ni fupi kuliko kusoma MSN halafu DNP kwa awamu, lakini ukiishiwa nguvu njiani unaweza kutoka mikono mitupu. Uliza kama kuna kituo cha kushukia: unaweza kuchukua MSN ukaondoka?

Sasa onyo. Programu zinazoitwa ABSN (BSN ya haraka) na zile za uzamili za kuingia moja kwa moja zimetengenezwa kwa watu wenye digrii za fani nyingine ambao *si wauguzi*. Zinatangazwa kwa neno lile lile la "haraka", na kila msimu RN mwenye leseni hujaza fomu zake akijiandaa kulipia mambo ya NCLEX, mtihani wa leseni ya RN, aliyokwisha kuyafaulu. Kama programu inakuambia mwishoni utafanya NCLEX-RN, hiyo si yako.

Hatua ya 3: Kagua ithibati kabla ya kuacha namba yako ya simu

Chuo kiwe na ithibati ya jumla, na programu ya uuguzi iwe na ya kwake. Kwa uuguzi tafuta CCNE, ACEN au NLN CNEA. Programu za usingizi hupewa na COA, za ukunga na ACME. Usiridhike na nembo iliyo chini ya tovuti ya chuo. Nenda kwenye orodha ya chombo chenyewe, tafuta jina la chuo, kisha angalia ngazi: BSN yao kuwa na ithibati hakumaanishi MSN yao inayo. Programu mpya zinaweza kuwa na hadhi ya mwombaji tu. Hapo uliza kwa barua pepe, upate jibu la maandishi: nikihitimu kabla ithibati haijatoka, nitaruhusiwa kufanya mtihani wa kitaifa?

Mwezi Januari 2023 serikali kuu ilitangaza operesheni iliyoitwa Nightingale: diploma feki zaidi ya 7,600 za uuguzi zilizouzwa na watu wa vyuo vitatu vya Florida. Bodi za majimbo zikaanza kuwasaka wenye leseni zilizotokana na karatasi hizo. Tangu hapo bodi na waajiri wanachunguza zaidi transkripti zenye tarehe fupi mno. Kwa hiyo ukisoma haraka kihalali, tunza mtaala wa kila kozi na hati za saa zako. Siku moja zitaulizwa.

Hatua ya 4: Kagua jimbo lako

Programu ya mtandaoni inaweza kuwa nzuri na bado isimpokee mkazi wa jimbo lako. Kila chuo kinachotoa masomo ya leseni kina ukurasa unaotaja majimbo kinakoruhusiwa. Utafute. Usipouona, waandikie. Majimbo kama New York na Washington yana masharti yao kuhusu wanafunzi wa vyuo vya nje kufanya kliniki humo, na vyuo vingi haviwapokei kabisa wakazi wa majimbo hayo.

Kumbuka pia: leseni ya NLC ni ya RN. Haikupi uhuru wa kufanya kazi ya NP katika majimbo yote. Na ukipanga kufanya kliniki jimbo jirani ambalo halimo kwenye NLC, utahitaji leseni ya RN ya huko kabla ya siku ya kwanza. Anayepanga kuhama akiwa masomoni amweleze mshauri wake mapema, kwa sababu kuhama kunaweza kukutoa kwenye programu.

Kwa walioko New York: kuna sheria iliyotiwa saini mwaka 2017 inayowataka RN wapya wapate digrii ya kwanza ya uuguzi au ya juu zaidi ndani ya miaka 10 tangu kupata leseni. Kwa mwenye ADN, uzamili wa uuguzi unatimiza sharti hilo. Wengine hukimbilia BSN kwa hofu ya tarehe hiyo bila kujua kwamba bridge ingewafikisha mbali zaidi.

Hatua ya 5: Soma mpango wa masomo mstari kwa mstari

Omba mpango kamili wa masomo, muhula kwa muhula. Ofisi ya udahili ikisita kukupa, hilo nalo ni jibu. Ukiupata, chukua kalamu uangalie haya:

Urefu wa muhula. Kozi ya krediti tatu ni ile ile iwe wiki 15 au wiki 8. Katika wiki 8 kazi ya kila wiki inakuwa karibu mara mbili. Programu inayokuwekea kozi mbili ngumu pamoja katika wiki 8 imeandikwa na mtu asiyefanya zamu za usiku.

Zile kozi tatu nzito. Kila APRN lazima asome kila moja peke yake: patofiziolojia ya juu, famakolojia ya juu, na uchunguzi wa mgonjwa wa ngazi ya juu. Zikiwa zimechanganywa ndani ya kozi nyingine, utapata shida kwenye leseni. Na usizichukue mbili kwa muhula mmoja mfupi kama una njia ya kukwepa.

Kama BSN inatolewa njiani. Baadhi ya bridge zinakupa BSN ukifika katikati, nyingine hazikupi chochote mpaka MSN. Mimi ningechagua inayotoa, hata kama ni ndefu kwa muhula mmoja. Maisha hutokea: mimba, msiba, mwajiri kufunga. Ukiacha katikati bila BSN, umelipa miaka miwili na bado wewe ni RN wa ADN.

Saa za kliniki. Vyombo vinavyotoa mitihani ya NP vimekuwa vikitaka angalau saa 500 za kuhudumia mgonjwa, na viwango vya kitaifa vya elimu ya NP vya mwaka 2022 vinataka 750. DNP nyingi zimekuwa zikitaka jumla ya saa 1,000 za vitendo baada ya BSN, na zile za MSN kwa kawaida huhesabiwa humo. Sasa fanya hesabu. Saa 750 katika mihula mitatu ya wiki 15 ni karibu saa 17 kila wiki. Weka juu yake zamu tatu za saa 12, ambazo ni 36. Umefika 53 kabla hujafungua kitabu, hujaendesha gari, hujapika. Programu ikisema imebana saa hizo kwenye mihula miwili, inakuwa 25 kwa wiki. Hapo zamu tatu haziwezekani, na anayekuambia zinawezekana hajazifanya.

Hatua ya 6: Hesabu pesa zote, si bei ya krediti

Zidisha bei ya krediti kwa idadi ya krediti, kisha ongeza ada za teknolojia, ada za kliniki, safari za lazima za kwenda chuoni, bima, mfumo wa kuhifadhi rekodi za chanjo na ukaguzi wa historia, vitabu na mtihani wa mwisho. Halafu ongeza kile ambacho hakiandikwi: mshahara utakaoukosa ukipunguza zamu. Mara nyingi hicho ndicho kikubwa kuliko vyote.

Njia za kulipia:

*Mwajiri.* Sheria ya kodi imeruhusu kwa miaka mingi mwajiri akulipie masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Huo ni mwaka wa kalenda, na hapa kuna ujanja halali. Programu ya miezi 24 inayoanza Januari inagusa miaka miwili ya kalenda, yaani dola 10,500. Ile ile ikianza Agosti inagusa mitatu, yaani 15,750. Soma pia masharti ya kubaki kazini: wengine wanataka uwatumikie mwaka au miwili baada ya kuhitimu, ukiondoka unarudisha.

*Mkopo wa serikali kuu.* Jaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, kama wewe ni raia au una green card. Mwenye viza ya masomo (F-1) au ya kazi (H-1B) hana nafasi hapa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo lililobaki, haupo tena kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa uzamili ana kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, na kuna kikomo cha juu zaidi kwa digrii zinazohesabiwa kuwa za taaluma maalum. Iulize ofisi ya fedha ya chuo programu yako imewekwa fungu gani, na ulipate jibu kabla ya kuweka amana. Kwa wa bridge: mihula ya mwanzo huhesabiwa kuwa ya digrii ya kwanza, na kikomo chake cha mkopo ni kidogo zaidi. Wengi hushtukia hilo wiki ya kwanza.

*Nurse Corps ya HRSA.* Ni mpango wa serikali kuu. Hulipa asilimia 60 ya deni lako la masomo ya uuguzi kwa miaka miwili ya kazi kwenye kituo chenye uhaba mkubwa. Ni kwa raia na wakazi wa kudumu.

*Ada ya mkazi.* Vyuo vya umma hupunguza kwa wakazi, na majimbo mengi hutaka uwe umeishi humo miezi 12.

Kuna pia vyuo vinavyotoza ada moja kwa kipindi cha miezi sita hata ukimaliza kozi nyingi kiasi gani. WGU (Western Governors University) ndicho kinachojulikana zaidi. Kwa mtu mwenye nidhamu na uzoefu wa kazi ni nafuu kubwa. Kwa anayehitaji mwalimu wa kumfuatilia, miezi sita inayeyuka na ada nyingine inaanza.

Hatua ya 7: Tafuta prisepta kabla ya kujaza fomu

Prisepta ni NP, mkunga au daktari atakayekusimamia kliniki. Waulize chuo swali moja: mnanitafutia au najitafutia? "Tunakusaidia" si jibu. Mara nyingi maana yake ni orodha ya simu za mwaka juzi.

Kama ni kujitafutia, anza miezi sita hadi kumi na miwili kabla. Wanaofanikiwa hufanya hivi: wanaanza na kliniki wanakopeleka watoto wao au wanakotibiwa wenyewe, halafu NP wa wodi wanayofanyia kazi, halafu kliniki ndogo zisizo na wanafunzi wengi. Wanakwenda kwa miguu, na karatasi moja mkononi: jina, leseni, jina la programu, tarehe za muhula, idadi ya saa, aina ya wagonjwa wanaohitajika, na mawasiliano ya mratibu wa chuo. Karatasi hiyo humwezesha meneja wa kliniki kusema ndiyo bila kukupigia mara tatu.

Kisha kuna mkataba kati ya chuo na kituo. Hospitali kubwa huchukua miezi kuusaini, na baadhi husaini na vyuo vya jimbo lao tu. Uliza kama mkataba tayari upo kabla hujafurahia prisepta.

Kuna kampuni zinazotafuta prisepta kwa malipo. Zinafaa kwa dharura, lakini ni pesa nyingi. Hakikisha chuo chako kinaruhusu, na usilipe kabla chuo hakijamkubali mtu huyo kwa maandishi.

Hatua ya 8: Omba

Chagua vyuo vitatu au vinne, si kumi. Vingine vinatumia NursingCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, vingine fomu zao. NursingCAS huhakiki transkripti zako yenyewe, na kazi hiyo huchukua wiki, kwa hiyo tarehe ya mwisho iliyoandikwa si tarehe yako ya mwisho.

Kwenye barua ya nia, acha kuandika kwamba uuguzi ni wito tangu utotoni. Kamati imesoma hiyo mara elfu. Andika mgonjwa wa aina gani unataka kumhudumia, kwa nini leseni yako ya sasa haikutoshi kumhudumia, na kwa nini programu hii na si nyingine. Aya tatu zinatosha. Kama una alama mbaya mahali, eleza kwa sentensi mbili na uonyeshe kozi ya karibuni uliyofanya vizuri.

Hatua ya 9: Muhula wa kwanza

Punguza zamu kabla ya masomo kuanza, usisubiri uchoke. Programu nyingi hazikubali alama chini ya B, na mbili za C zinaweza kukutoa. Kama umekuja kwa mkataba wa wakala wa ajira, usome kwanza: kupunguza saa kunaweza kuhesabiwa kuwa umeuvunja.

Weka rekodi ya saa za kliniki siku hiyo hiyo, na nakala yako mwenyewe. Mifumo ya vyuo hubadilika, na prisepta huhama.

Hatua ya 10: Kutoka nje

Kwa wa APRN, agiza transkripti ya mwisho siku digrii inapoandikwa, omba ruhusa ya mtihani wa ANCC au AANPCB, vyombo vya mitihani ya NP (wa usingizi na wa ukunga wana vyombo vyao), kisha leseni ya jimbo, kisha namba ya DEA (idara ya serikali kuu ya kudhibiti dawa za kulevya) kama utaandika dawa zinazodhibitiwa. Usikubali tarehe ya kuanza kazi kabla leseni haijatoka. Kibali cha kuandikia dawa katika baadhi ya majimbo ni ombi lingine, lenye foleni yake.

Mambo yakikwama

*GPA yangu ni 2.7.* Tafuta programu yenye udahili wa masharti, au soma kozi moja au mbili za uzamili kama mwanafunzi asiye na programu na upate A. Takwimu ni chaguo zuri kwa sababu unaihitaji hata hivyo. Kabla ya kulipa, uliza kama krediti hizo zitahamishika.

*Tathmini imesema diploma yangu ya nje si sawa na digrii.* Ni kawaida, na haikufungii mlango. Leseni yako ya RN ya Marekani inakuweka kwenye fungu la bridge. Omba kama RN wa diploma, na uulize ni krediti ngapi watakupa kwa kufaulu NCLEX; baadhi ya vyuo hutoa nyingi kwa leseni yenyewe.

*Prisepta amejiondoa wiki mbili kabla ya muhula.* Mwandikie mratibu siku hiyo hiyo, kwa barua pepe. Uliza mambo mawili: je, naweza kuanza masomo ya darasani nikitafuta, na je, naweza kupata alama ya "haijakamilika" badala ya kujiondoa? Kujiondoa kunaweza kugusa mkopo wako. Wakati huo huo rudi kwa NP wa wodini kwako.

*Nimeshuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo.* Mkopo wa serikali kuu unahitaji angalau nusu ya mzigo, na ukishuka, muda wa neema wa deni la zamani, ule wa kabla ya kuanza kulipa, unaanza kuhesabika. Ongea na ofisi ya fedha *kabla* ya kufuta kozi.

*Nimekwisha kuanza na nimegundua programu haina ithibati.* Simamisha malipo ya muhula ujao. Chukua transkripti na mitaala yote, kisha uliza vyuo vyenye ithibati wangekubali nini. Mara nyingi kozi za kliniki hazihamishiki kabisa, za darasani labda chache. Kama chuo kilikuambia kwa maandishi kwamba kina ithibati, barua pepe hiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko yako kwa idara ya elimu ya juu ya jimbo.

*Nina MSN ya ualimu na sasa nataka kuwa NP.* Usianze MSN nyingine. Tafuta cheti cha baada ya uzamili: wanapitia transkripti yako, wanakuachia kozi ulizonazo, unabaki na za fani hiyo na kliniki. Zile kozi tatu nzito kama ulizisoma zamani, jiandae kurudia angalau famakolojia.